Akili Mnemba Katika Kiwanda cha Unga: Mwongozo wa Kuanzia Mizani Hadi Dukani

Kiwanda cha kusaga mahindi huishi kwa faida nyembamba. Unanunua mahindi kwa bei iliyopangwa na soko, unauza unga kwa bei ambayo jirani yako naye anauza, na kinachobaki katikati ndicho kinacholipa mishahara, umeme, mikanda ya mota na riba ya benki. Sehemu kubwa ya kinachobaki huliwa na maamuzi madogo ya kila siku. Mahindi mabichi yamepokelewa kwa bei ya makavu. Beringi imepiga kelele wiki nzima bila kubadilishwa, mpaka kinu kimesimama siku mbili. Viroba vya kilo 5 vimejaa stoo huku mawakala wanaulizia vya kilo 25.

Siku hizi ipo mifumo ya kompyuta inayoweza kukusaidia katika kila moja ya mambo hayo: inayotabiri mauzo, inayokadiria lori litafika lini, inayosikiliza mtetemo wa mota. Mingi ni mizuri. Lakini mfumo una thamani pale tu unapobadilisha uamuzi wa mtu anayejulikana, kwa siku inayojulikana. Usipobadilisha uamuzi, umenunua skrini. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata maamuzi, na mashine zinakuja baadaye.

Mfano wetu ni kiwanda cha ukubwa wa kati kilichoko Dar es Salaam, kinachosaga tani 10 za mahindi kwa siku na kununua Kibaigwa, Iringa, Songea na Sumbawanga. Tarakimu za hesabu nimezipanga ili zieleweke. Weka za kwako mahali pake. Mwenye mashine ya kukamua alizeti Singida atabadilisha majina ya bidhaa, lakini hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Tafuta uamuzi unaokugharimu zaidi

Chukua karatasi, gawa safu nne: nani anaamua, anaamua lini, anatazama taarifa gani, na akikosea tunapoteza nini. Katika viwanda vingi vya unga yatajitokeza maamuzi manne makubwa: ninunue mahindi lini na kiasi gani, nipokee mzigo huu au niukatae, zamu ya kesho isage nini na kwa vifungashio vipi, mashine isimamishwe lini kwa matengenezo.

Chagua mmoja tu wa kuanzia, ule unaokula fedha nyingi. Anayeanza na yote manne kwa pamoja hatajua kilichofanya kazi na kilichoharibu, na hata kampuni kubwa zimeumia kwa haraka ya namna hiyo. Mwaka 2000 Nike ilianza kutumia programu mpya ya kupanga mahitaji, iliyounganishwa na mifumo yake ya zamani bila majaribio ya kutosha. Viatu vingine viliagizwa kupita kiasi na vingine vikapungua, na mapema mwaka 2001 kampuni ikatangaza kupoteza mauzo ya dola zipatazo milioni 100. Nike iliweza kuhimili pigo hilo. Kiwanda cha tani 10 kwa siku hakiwezi.

Hatua ya 2: Nyoosha kumbukumbu kabla ya kununua chochote

Mfumo hujifunza kutokana na kilichoandikwa. Daftari likidanganya, mfumo utadanganya kwa kasi zaidi na kwa sura ya kuaminika. Kwa mwezi mmoja, kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote wa mfumo, hakikisha haya yanaandikwa kila siku:

- Uzito kwa kilo. Gunia si kipimo; lumbesa ya Kibaigwa na gunia la Songea hazilingani.
- Unyevu wa kila mzigo, uliopimwa kwa kipima unyevu wakati wa kupokea.
- Saa na tarehe nne za kila lori: siku ya oda, siku ya kupakia, saa ya kuondoka, saa ya kufika getini.
- Kila kusimama kwa kinu kunakozidi dakika tano, pamoja na sababu: umeme, mkanda, chekeche, kukosa mahindi, kukosa mifuko.
- Oda ambazo hukuweza kuzitimiza. Hili husahaulika sana. Wakala akitaka viroba 200 ukampa 120, mauzo ni 120 lakini mahitaji yalikuwa 200. Mfumo ukilishwa mauzo peke yake utakushauri uendelee kupungukiwa.
- Jina moja kwa kila bidhaa. "Sembe 25", "S25" na "sembe kubwa" zikiwa kitu kimoja, ziandikwe kwa namna moja.

Unyevu unastahili hesabu yake, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kuziona. Ukipokea tani 30 zenye unyevu wa asilimia 16, zikikauka hadi asilimia 13.5 zitabaki tani 29.13. Kilo kama 867 zilikuwa maji. Kwa bei ya shilingi 700 kwa kilo, umelipa zaidi ya shilingi 600,000 kwa maji ya lori moja. Kabla ya akili mnemba yoyote, jedwali la bei kulingana na unyevu, likibandikwa pale mizani ilipo ili muuzaji na karani wote walisome, linaweza kurudisha fedha hiyo. Nalo ni la haki kwa mkulima: aliyekausha vizuri analipwa kwa kazi yake.

Hatua ya 3: Tabiri mauzo, kisha mpime mtabiri

Anza na utabiri rahisi unaoweza kufanywa kwa Excel. Chukua makadirio ya wiki iliyopita, tazama yalikosea kwa kiasi gani, kisha yasogeze kwa asilimia 30 ya kosa hilo. Ulikadiria viroba 1,000, ukauza 1,200: kosa ni 200, asilimia 30 yake ni 60, makadirio mapya ni 1,060. Njia hii hupunguza papara ya kukimbilia kila wimbi la soko, na imetumika viwandani tangu miaka ya 1950.

Mifumo ya akili mnemba huenda mbali zaidi kwa kuangalia mambo mengi kwa pamoja, lakini mambo yenyewe lazima uyataje wewe unayelijua soko. Tatu yasikosekane. La kwanza ni mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka. La pili ni kalenda ya shule: shule za bweni hununua kabla ya kufunguliwa, Januari na Julai. La tatu ni Ramadhani, ambayo hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2024 ilianza Machi. Mwaka 2026 ilianza Februari. Programu iliyotengenezwa kwa kalenda ya kawaida peke yake itadhani kwamba kilichotokea Machi kitarudi Machi, na itakupotosha katika mwezi ambao mapishi ya nyumba nyingi za Pwani hubadilika. Muulize muuzaji wazi: mfumo wako unajua Ramadhani?

Kisha upime mfumo. Ficha wiki nane za mwisho za kumbukumbu zako, upe mfumo zilizotangulia, uutake utabiri wiki hizo nane. Linganisha makosa yake na makosa ya njia ya Excel, na hata na kanuni nyepesi kabisa: wiki hii itakuwa kama iliyopita. Mfumo usiposhinda hizo mbili, usiulipie.

Jambo la mwisho hapa ni kutazama mbali zaidi ya wakala. Duka likiuza kidogo zaidi, mwenye duka huongeza oda kwa tahadhari. Wakala akiona oda za maduka zimepanda, naye huongeza ya kwake. Kiwandani oda zinafika kama mafuriko, na mwezi unaofuata inakuwa ukame. Procter & Gamble iliona jambo hilohilo kwa nepi za Pampers: watoto walizitumia kwa kiwango kilekile kila siku, lakini oda za wasambazaji ziliruka juu na chini. Dawa yake ni taarifa. Wape mawakala watano wakubwa sababu ya kukutumia kila Jumatatu idadi ya viroba vilivyobaki stoo kwao. Ujumbe wa WhatsApp unatosha. Badala yake wape uhakika wa mzigo, na utabiri wako utasimama juu ya ulaji wa watu badala ya hofu ya wauzaji.

Hatua ya 4: Pima uaminifu wa safari, kisha panga akiba

Wengi hupanga akiba ya mahindi kwa kuangalia ukubwa wa ghala au fedha iliyopo. Kinachostahili kupanga akiba ni kutotabirika kwa safari. Lori kutoka Sumbawanga lina mlima wa Kitonga, mvua, mizani ya barabarani kama ile ya Vigwaza, na dereva anayesubiri mzigo ujae. Wastani wa siku sita hauna msaada mkubwa ikiwa mara nyingine ni nne na mara nyingine ni kumi.

Hesabu ya msingi ni hii. Kwa kila chanzo, tafuta wastani wa siku kati ya oda na kufika, na mkengeuko wake (standard deviation), kazi ambayo Excel huifanya kwa fomula rahisi. Tuchukue wastani wa siku 6 na mkengeuko wa siku 2, huku usagaji ukiwa tani 10 kila siku. Mahindi yatakayotumika wakati unasubiri ni tani 60. Ili usikaukiwe katika takribani mara 95 kati ya 100, zidisha mkengeuko kwa 1.65: 1.65 × 2 × 10 ni tani 33. Basi stoo ikishuka hadi tani 93, toa oda.

Sasa tazama safari ikiaminika zaidi. Mkengeuko ukishuka kutoka siku 2 hadi siku 1, akiba ya tahadhari inashuka kutoka tani 33 hadi 16.5. Umeachia tani 16.5, ambazo kwa shilingi 700 kwa kilo ni shilingi 11,550,000 zilizokuwa zimelala ghalani. Hiyo ndiyo thamani ya msafirishaji anayetimiza ahadi, na ndiyo sababu ya kumlipa zaidi kidogo kuliko yule wa bei poa anayechelewa.

Mfumo erevu huongeza hapa mambo mawili. Kwanza, hutenganisha vyanzo na misimu, maana njia ya kiangazi na njia ya masika hazina mkengeuko mmoja. Pili, ukiwa na kifaa cha GPS kwenye lori, hukadiria upya saa ya kufika kila gari linapopita kituo fulani, ili msimamizi wa zamu ajue leo kama kesho atasaga au atatumia siku hiyo kwa matengenezo. Taarifa ya kuchelewa ikifika mapema ina faida. Ikifika baada ya vijana wa zamu kuingia na kukaa bila kazi, imekuwa habari tu.

Hatua ya 5: Jua kinu kinapoteza saa wapi

Zidisha vitu vitatu: muda ambao kinu kilifanya kazi kweli, kasi yake ikilinganishwa na uwezo wake, na sehemu ya unga uliokubalika. Zamu ni saa 8. Kinu kilisimama dakika 90, kikabaki saa 6.5. Uwezo wake ni kilo 1,250 kwa saa, kwa hiyo kingepaswa kutoa 8,125, kikatoa 6,900. Kati ya hizo 6,700 zilikubalika. Jumla ya ufanisi ni asilimia 67 ya kilo 10,000 ambazo zamu hiyo ingeweza kutoa. Watu wengi wa viwandani huitaja asilimia 85 kama kiwango cha juu cha kulenga, lakini ushindani wako wa kwanza uwe na mwezi wako uliopita.

Hesabu hii inakuonyesha dawa iko upande gani. Kama tatizo ni kusimama, tazama sababu ulizoandika. Kama ni kasi, nyundo za kinu huenda zimelika. Kama ni ubora, huenda chekeche limetoboka.

Ndipo vihisi vinapoingia. Vinavyofaa kuanzia ni vitatu: joto la beringi, mtetemo wa mota, na kiasi cha umeme inachovuta. Viache vipime wiki nne ili mfumo ujue hali ya kawaida ya mashine yako, kwa kuwa kinu kikuukuu hutetemeka tofauti na kipya hata kikiwa kizima. Baada ya hapo weka onyo la pale vipimo vinapotoka nje ya kawaida.

Onyo lenyewe halitoshi. Kila linapolia, fundi akague na aandike alichokuta: beringi imekauka grisi, mkanda umelegea, hakuna tatizo. Maandishi hayo ya fundi ndiyo yanayoufundisha mfumo kutofautisha kelele na ugonjwa. Bila hayo mfumo utalia kila siku, na baada ya mwezi hakuna atakayeusikiliza. Fundi mwenye miaka mingi kwenye kinu hicho awe mwalimu wa mfumo kwa heshima na kwa malipo, kwa sababu anachokijua masikioni mwake hakipo katika programu yoyote.

Hatua ya 6: Sumukuvu haina majadiliano

Hapa makosa hayapimwi kwa shilingi. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu (aflatoksini), katika mahindi iliua watu 125 kati ya 317 waliougua nchini Kenya. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, kisha ikayaruhusu kwa masharti; waliokuwa na malori njiani wanajua gharama yake. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na unyevu usizidi asilimia 13.5.

Sumukuvu haisambai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Kuchoma bambo kwenye magunia mawili ya juu ni kujidanganya. Chukua sampuli sehemu nyingi za mzigo, changanya, saga, kisha pima.

Akili mnemba inaweza kukuambia mizigo ipi ichunguzwe kwa ukali zaidi, kwa kutazama eneo ilikotoka, mvua wakati wa kuvuna, unyevu na historia ya muuzaji. Zipo pia mashine za kuchambua punje kwa kamera. Mwaka 2018 kampuni ya Bühler ya Uswisi, ikishirikiana na Microsoft, ilitangaza mashine inayotambua punje zenye sumukuvu na kuziondoa. Tumia msaada huo kuongeza vipimo. Usiruhusu kamwe mfumo upitishe mzigo bila kupimwa kwa sababu "muuzaji huyu huwa salama". Unga wako unaliwa na watoto wa watu, na jibu la kipimo ndilo la mwisho.

Hatua ya 7: Linda watu na taarifa zao

Vihisi na GPS huwaogopesha wafanyakazi, na mara nyingi wana sababu. Waeleze mapema kinachopimwa na kisichopimwa. Takwimu za kusimama kwa kinu zikitumika kukata mishahara, wiki ya pili sababu zote daftarini zitakuwa "umeme". Zitumie kurekebisha kazi, na gawana na zamu sehemu ya kilichookolewa.

Kumbuka pia sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Namba za simu za wakulima na mahali alipo dereva ni taarifa za watu. Kusanya unazohitaji tu, zifunge, na usizigawe.

Maswali ya kumuuliza muuzaji wa mfumo

- Nikiacha kukulipa, naondoka na data yangu yote kwa muundo ninaoweza kuufungua?
- Umeme au intaneti ikikatika, kazi inaendelea vipi?
- Karani wa mizani ataisoma skrini hii kwa Kiswahili?
- Utaujaribu kwa kumbukumbu zangu, mbele yangu, dhidi ya njia yangu ya Excel?
- Fundi wako yuko mji gani, na anafika baada ya muda gani?

Asiyejibu swali la kwanza na la nne kwa uwazi, mshukuru na umsindikize.

Ratiba ya siku 90

Siku ya 1 hadi 30: kumbukumbu za hatua ya 2 pekee. Mkabidhi mtu mmoja jukumu la kuzikagua kila jioni.

Siku ya 31 hadi 60: mfumo ufanye kazi pembeni. Unatabiri, lakini mhusika anaamua kama kawaida. Andika vyote viwili, alichoamua mtu na ulichoshauri mfumo, kisha tazama nani alikuwa karibu na ukweli, na katika hali gani. Mara nyingi mtu hushinda penye habari mpya, kama daraja lililosombwa jana, na mfumo hushinda penye mazoea.

Siku ya 61 hadi 90: kabidhi uamuzi mmoja kwa mfumo, ukiwa na mipaka. Kwa mfano, uruhusiwe kupendekeza oda ya hadi tani 60. Zaidi ya hapo mnunuzi mkuu asaini. Mnunuzi awe na haki ya kuukatalia, kwa sharti la kuandika sababu.

Siku ya 91, kaa na watu wako mpige hesabu kwa shilingi: akiba iliyoachiwa, saa za kinu zilizookolewa, oda zilizotimizwa, ukitoa gharama za mfumo. Kama faida ipo, hamia uamuzi wa pili kwenye ile karatasi yenye safu nne. Kama haipo, simamisha malipo bila aibu na urudi kwenye kumbukumbu, maana huenda jibu limo humo tayari. Kwa vyovyote vile, mahindi yako yatakuwa yanapimwa kwa kilo, unyevu utakuwa unajulikana, na kila kusimama kwa kinu kutakuwa na sababu iliyoandikwa. Hilo peke yake hukiweka kiwanda mahali pazuri zaidi kuliko kilipoanza, na hakuna muuzaji anayeweza kukunyang'anya.